Leo Haendi Shule

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Manyatta hakukuwa na mtoto aliyeng'aa kama Tom wa Selpha. Akitoka asubuhi kwenda shule, uso, shingo, viwiko na magoti vyote vilikuwa vimepakwa mafuta barabara, kaptula imepigwa pasi, kola imekaa sawa. Watu wakimwona walisema, huyo mtoto ana mama. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nakaanga mandazi, namwangalia anavyopita, na roho inaniuma. Nilikuwa nimeshajua kwamba siku aliyong'aa zaidi ndiyo siku aliyoumwa zaidi.

Jina langu ni Kadija, ingawa Manyatta nzima hunijua kama Mama Obeid. Babu yangu alitoka pwani enzi za kujengwa kwa reli, akaoa huku, na sisi wajukuu ni watu wa Kisumu: Kiswahili cha nyumbani, Kijaluo cha sokoni, na mdomo wangu unaogopwa kwa lugha zote mbili. Nawaeleza mapema ili mjue ni nani anayewasimulia. Selpha alisemwa na wengi ambao hawakuwahi hata kunywa chai kwake. Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta wa mabati, na mabati hayafichi kitu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haya, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko ni aibu. Aliuza mitumba ya watoto pale soko la Kibuye: sweta, soksi, vigauni vya ubatizo. Mumewe alifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini, mtu mpole, akirudi na samaki lazima alete na kwangu. Mwaka wa tisini na tatu akaanza kukohoa. Akakonda mpaka mkanda ukawa unamzunguka mara mbili, kisha akafa. Hospitali ilisema nimonia. Watu walisema ni huu ugonjwa wa siku hizi, na waliposema hivyo waligeuza uso upande, kwa maana miaka ile hakuna aliyethubutu kuutaja kwa jina.

Tulikwenda kumzika kwao, upande wa Sondu. Baada ya matanga, mila ikadai chake. Mjane wa Kijaluo hurithiwa na ndugu wa marehemu, na mjane anapokataa, wazee husema nyumba imekaribisha chira, yaani ule ugonjwa wa kukonda unaowapata watu wa nyumba iliyovunja mwiko. Mdogo wa marehemu, Zadock, mchoma makaa, mwenye mke wake na watoto wake, ndiye aliyewekwa tayari. Selpha, yule asiyeweza hata kubishana na mnunuzi wa soksi, akasimama mbele ya wazee akasema hapana. Alisema ameokoka. Kwangu mimi alisema jambo jingine: kwamba kama mumewe alikufa na ule ugonjwa, basi yeye pia anao, na hataki kumuua mume wa mwenzake. Nikamwambia mwanamke wewe una moyo kuliko hao wote waliokaa kwenye viti.

Zadock hakugombana. Alimwita kwa jina wanaloitwa wake walioolewa, yaani binti wa kwao walikozaliwa.

"Nyar Seme," alisema, "unafikiria unapigana na mimi. Mimi siko na neno. Unapigana na mambo ya wazee. Chira itakuja, na haitaanza na wewe, itaanza na hawa watoto. Siku nitasikia mtoto wa ndugu yangu ako kitandani, nakuja nachukua wote wawili. Siongei mara mbili."

Tom alikuwa na miaka saba hivi, na Seline mitatu. Wote wawili walikuwa wamesimama pale, wameshika sketi ya mama yao.

Ningependa kusema Zadock alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia kazi. Lakini aliyasema yale akiwa na machozi, kwa sababu aliyaamini.

Mvua za mwaka uliofuata zilileta mbu, na Tom akapata homa. Selpha alifanya kama mama yeyote: akamlaza, akaacha kwenda Kibuye. Sasa huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Ni desturi njema, sikatai, wengine tumepona kwa kutembelewa tu. Jioni wakaja watoto wa darasa lake wametumwa na mwalimu. Kesho yake wakaja akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakiongozwa na Milka, wakaimba, wakaomba, wakaacha sukari na sabuni. Lakini macho yao hayakufumba wakati wa maombi. Milka akampitishia Tom mkono kichwani.

"Nywele yake imekuwa laini, eh?" akasema. "Hata haikuwa hivi."

Wenzake wakatazamana. Nywele kulainika ilikuwa mojawapo ya dalili ambazo watu walizihesabu siku hizo, pamoja na midomo kuwa myekundu na nguo kupwaya. Mimi nikamwambia Milka kwamba mtoto ameogeshwa kwa sabuni yake mwenyewe aliyoleta, sasa kama nywele zimelainika aidai sabuni. Wakacheka kidogo, wakaondoka. Ila maneno hayakuondoka nao, yalitangulia. Yalifika Kibuye kabla ya Selpha kurudi kwenye kibanda chake, na kutoka Kibuye yakapanda gari na wauza mboga mpaka Sondu.

Kabla ya wiki kwisha Zadock alikuwa mlangoni. Bahati Tom alikuwa ameshapona, yuko nje anapiga mpira wa makaratasi. Baba yake mdogo akamwita, akamwinua fulana mbele ya ploti nzima, akamtazama mbavu moja moja. Mtoto amesimama mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Kisha Zadock akamshusha fulana, akampa peremende, akamwambia Selpha, "Wakati huu nimekuta anacheza." Akaondoka.

Tangu siku ile Tom hakukosa shule tena.

Nilisikia kila kitu kupitia yale mabati. Alfajiri Selpha humwamsha, humgusa shingo kwa mgongo wa mkono. Mwili ukiwa wa moto, nasikia kijiko kinasaga Panadol kwenye kikombe. Halafu uji. Halafu anangoja. Homa ikishuka kidogo na mtoto akatoka jasho, anamwogesha, anampaka mafuta mengi ili ile rangi ya majivu ya ugonjwa ipotee, anamvisha unifomu iliyonyooka, na kumtoa nje watu wamwone. Dawa ya malaria alinunua dukani, vidonge viwili vitatu, si dozi kamili. Hospitali hakumpeleka kamwe. Nilimuuliza sababu.

"Watamtoa damu," alisema. "Wakitoa damu wataona. Mimi sitaki kujua, Mama Obeid. Wacha nisijue."

Basi hapo ndipo alipokuwa amenaswa, maskini. Alimficha mtoto watu wasiseme, na akamficha asionwe na daktari ili yeye mwenyewe asisikie. Na kila homa ya Tom, hata ile ya kulowa mvua tu, kwake ilikuwa ndiyo ile ya baba yake imekuja kudai.

Mtoto naye alikuwa ameelewa kazi yake. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya ploti, pale kwenye mfereji, ameegemea ukuta, mkoba chini, macho ameyafumba. Uso unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Nikamgusa shavu. Alikuwa anaungua.

"Tom, baba, rudi ulale kwangu."

"Niko sawa, Mama Obeid. Napumzika kidogo tu."

"Unaumwa."

"Usimwambie mtu," akasema, na akachukua mkoba. "Nikilala, baba mdogo atakuja kuchukua mimi na Seline. Na Seline hajui kulala bila Mama."

Akaenda zake, anatembea katikati ya njia, ameunyoosha mgongo. Mimi nilirudi kwenye karai langu nikaunguza mandazi yote ya asubuhi ile. Nililia kwa hasira. Sikujua nimkasirikie nani.

Mwaka wa tisini na tano mvua ndefu zilikuwa nyingi, maji yakasimama kwenye mitaro mpaka mwezi wa tano. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Jumatatu nikasikia kijiko. Jumanne kijiko. Jumanne jioni Tom alirudi kutoka shule akatapika mlangoni, na Selpha akamwaga mchanga haraka haraka kabla jirani hajaona. Jirani niliona. Nikaingia bila kubisha hodi.

"Mama Tom, kesho huyu mtoto haendi shule."

"Usiniletee maneno, Mama Obeid."

"Nitakuletea, na nitayarudia. Mtoto hawezi kushika hata maji. Kesho anashinda kwangu, nyuma ya pazia. Obeid yuko bweni, kitanda ni kitupu. Mtu akiuliza, Tom ameenda shule. Hakuna atakayejua. Na jioni, giza likiingia, tunampeleka hospitali mimi na wewe, kwa mlango wa nyuma kama wezi ukitaka."

Akakaa kitandani. Akampangusa mtoto midomo. Kisha akaanza kulia bila sauti, akafunika mdomo kwa kile kiganja chake.

"Na damu?" akaniuliza.

"Na damu. Ikisema ni ile, tutaibeba. Ikisema si ile, tutacheka. Lakini mtoto apate dawa."

Akaitikia kwa kichwa. Wallahi aliitikia. Nilikwenda nikatandika kitanda cha Obeid, nikaweka ndoo na shuka safi.

Asubuhi, kabla sijamfuata Tom, akapita mwanamke wa ploti ya pili anarudi kutoka soko la Mamboleo na kikapu chake cha sukuma wiki. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye habari njema. "Mama Tom! Nimeona shemeji yako hapo Mamboleo, anashusha makaa. Amesema akimaliza atapita kuwasalimia, kwanza Tom."

Selpha akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Nikamwambia hilo halibadilishi kitu, pazia langu ni zito. Nikamwambia nitasema uongo mbele ya Zadock na sheikh pamoja kama itabidi. Lakini nilimwona anavyohesabu kichwani: ploti ina watoto wengi, watoto hawana siri, mtoto anakohoa, pazia linasogea, na Zadock atataka kumwona Tom kwa macho yake. Shule ndiyo mahali pekee ambapo mtoto mzima angekuwa saa ile. Akimkosa nyumbani, na Tom akiwa ameonekana na njia nzima akienda shule, yule mtu angeacha salamu aondoke.

"Leo tu," akaniambia. "Akishaenda huyu, namchukua Tom shule mwenyewe saa sita, tunaenda hospitali. Leo tu, Mama Obeid."

Ningegombana naye mpaka adhuhuri. Lakini nyuma yake Tom alikuwa ameshaamka. Alikuwa amesikia. Amevaa shati, amefunga vifungo kombo, na ameshika kopo la mafuta.

"Mama, nipake," akasema.

Akampaka. Uso, shingo, akampaka mpaka masikioni.

Zadock hakupita asubuhi ile. Lori la makaa lilichelewa. Aliyepita, kabla hata ya saa nne, alikuwa Mwalimu Khaemba wa darasa la Tom, kwa baiskeli, jasho linamtoka, mtoto amelala mbele yake kwenye bomba la baiskeli, kichwa kimening'inia. Degedege lilikuwa limempata akiwa amesimama kusoma. Mwalimu aliuliza mama yuko wapi. Selpha alitoka, akamwona, akaketi chini palepale kwenye matope. Mimi ndiye niliyesimamisha gari.

Hospitalini hawakutusuta. Afadhali wangetusuta. Daktari mmoja kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimtoboa kidole, akamtundikia maji, akamdunga sindano. Alisema malaria imepanda kichwani, na damu imepungua sana. Selpha alikuwa amesimama ukutani kama aliyebandikwa. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akamsogelea yule daktari, akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba yake alikufa na ile. Mpimeni na ile. Nataka kujua."

Kesho yake mchana jibu likaja. Tom alikuwa bado hajafumbua macho, lakini degedege lilikuwa limetulia. Daktari alimwita Selpha pembeni, na mimi nikafuata, nani angenizuia.

"Hana, mama," alisema. "Hiyo unayoogopa hana. Ni malaria tu. Kama ungemleta mapema kidogo, angekunywa dawa tu na kurudi nyumbani."

Nadhani Selpha hakusikia ile nusu ya pili. Alinishika mabega. "Hana! Mama Obeid, hana! Mtoto wangu hana!" Na akacheka, kwa sauti, mdomo wazi, bila kuufunika, katikati ya wadi ile yenye watoto wawili kila kitanda. Wamama wengine wakatugeukia. Sikuwahi kuliona jino lake la nyuma kabla ya siku ile.

Tom alifariki alasiri ya siku hiyohiyo, Selpha akiwa bado anamwambia sikioni kwamba ni malaria tu, aamke, waende nyumbani.

Tulimzika Sondu, kando ya baba yake. Zadock alilia mpaka akashikwa. Wazee wakasema waliyokuwa wameyaweka tayari: chira imefika, tulisema. Wengine wakasema ni ugonjwa wa baba yake, si mnaona. Hayo yote aliyokuwa akiyakimbia kila alfajiri na kijiko chake, yakasemwa kwenye kipaza sauti mbele ya jeneza. Kwenye mazishi ya Wajaluo kila mtu hupewa nafasi aseme. Mimi, Mwislamu mgeni, nikajipa nafasi. Nikakishika kipaza sauti nikasema kwa Kijaluo changu cha sokoni kwamba mtoto huyu amekufa kwa malaria, kwamba daktari amempima kila kitu, kwamba aliyemuua ni mbu na midomo yenu, na midomo ndiyo iliyomshikilia mtoto mbu akimuuma. Zadock akaninyang'anya kwa upole. Akaomba watu wamsamehe mgeni, ana uchungu. Wakaendelea.

Kilichonimaliza si hicho. Walitupeleka kulala kwa Zadock. Nyumba chumba kimoja, watoto sita kwenye mkeka mmoja, mkewe anakoroga uji mwembamba. Nikaangalia huku na huku, wapi angewaweka Tom na Seline? Hapakuwa na hata pembe. Asingewachukua. Yalikuwa maneno ya mdomo, ya mtu anayetaka kuonekana ana neno. Na mtoto alitembea njia nzima na homa kwa ajili ya maneno hayo.

Sikumwambia Selpha nilichokiona. Naye ana macho.

Tulirudi Manyatta. Mwaka uliofuata Seline akaanza shule, na mvua zilipokuja akapata mafua, mafua ya kawaida tu, kamasi na kikohozi. Asubuhi hiyo sikusikia kijiko. Nilitoka na karai langu nikamkuta Selpha ameshatandika mkeka nje, mbele ya mlango, mahali pa kupita watu wote. Seline amelazwa juu yake, amefunikwa shuka, uso hauna hata tone la mafuta, ngozi imepauka. Selpha ameketi karibu yake kwenye kigoda, na kila anayepita anamwambia kabla hajaulizwa.

"Mtoto wangu anaumwa. Leo haendi shule."

Milka akaja na wenzake. Akawaambia wamwangalie vizuri, washike na nywele. Milka hakuzishika. Zadock naye akaja, habari zilikuwa zimefika. Selpha akamvutia kigoda.

"Kaa, shemeji. Ni kweli anaumwa. Jana tulikuwa hospitali, ametolewa damu, na mimi nimetolewa. Yangu iko nayo. Ya mtoto haina. Ukirudi nyumbani ambia wote, usisahau mtu."

Zadock alikaa. Alikunywa chai yote, na alipoondoka alimwachia mtoto peremende kwenye mkeka.

Hivyo ndivyo Selpha alivyoishi miaka yake michache iliyobaki, na mimi nilimtania sana kwa hilo, kwamba Seline akipiga chafya moja Kisumu nzima inafunga shule. Alicheka, amefunika mdomo. Lakini mkeka aliutandika kila mara.

Siku ya tatu ya mafua yale alikwenda kuteka maji, akaniachia nimwangalie mtoto. Seline akafumbua jicho moja, akahakikisha mama yake yuko mbali.

"Mama Obeid," akaninong'oneza, "mimi nimepona. Tangu jana. Lakini usimwambie Mama. Nikilala hapa, yeye haogopi."

Nikamtazama. Ile sauti niliijua, niliwahi kuisikia pale kwenye mfereji.

Selpha alikuwa anarudi na ndoo yake. Nikamvutia mtoto shuka mpaka kidevuni, nikamwambia alale.